Bibi yangu amesusa vitumbua vya mtaa mzima. Ni yeye au ni vitumbua?

#1 Mjukuu wa Ngamiani

Wakuu salaam. Nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, bibi yangu mzaa mama amesusa vitumbua. Si vya mtu mmoja, ni vya mtaa mzima. Ana miaka 84 na tangu nipate akili sijawahi kumwona akianza siku bila vitumbua viwili na chai ya rangi ya tangawizi. Huu ni mwezi wa tatu anakula muhogo wa kuchemsha na kunung'unika.

Nikimletea vitumbua anachukua kimoja, anakipasua katikati kwa vidole, anasogea dirishani kutazama ndani. Anatafuta matundu. Kwake yeye kitumbua lazima kiwe na matundu membamba yaliyosimama kutoka chini mpaka juu, mfano wa sega la nyuki. Akikuta ndani pamejaa kama ugali, anakirudisha kwenye sahani: "Hiki kimekorogwa, hakikupigwa." Basi, hakuna rufaa.

Na si vitumbua tu. Hoteli zote za kwetu amezipitisha kwenye mizani yake. Akiingia mahali anaagiza chai kwanza kabla ya chakula. Ikija kutoka kwenye chupa anainuka, anasema chai ile imelala humo tangu alfajiri. Chapati anaishika ukingoni na kuitikisa, matabaka yasipoachana anaiita ngozi ya ngoma. Wali wa nazi anaunusa kabla hajaonja. Kuna hoteli moja haendi kabisa kwa sababu mpishi wake haonekani, dirisha la jiko lao limezibwa kwa bati. Anauliza, "Anapika nini mtu anayejificha?" Chakula cha kisasa anachokikubali ni chipsi mayai, ati kwa kuwa kinapikwa mbele ya macho yake na yai analiona likivunjwa.

Sababu anayoitoa kuhusu vitumbua ni moja: wameacha kuloweka mchele, wanasaga mkavu. Mama mdogo anasema hapana, ulimi wa bibi umezeeka na tumpe uji. Nyumba imegawanyika. Nauliza kwa dhati, hasa wanaopika: bibi yuko sahihi?

#2 Chumvi Kidogo

Mpe bibi shikamoo yangu. Kuhusu chai ya kwenye chupa namuunga mkono asilimia mia. Chai ya maziwa ikikaa kwenye chupa saa tatu inageuka ladha, tangawizi inakuwa kali na maziwa yanakuwa kama yameungua. Huyo si wa kupewa uji. Angepewa kiti mlangoni mwa kila hoteli.

#3 Binti Makorora

Mimi ninapika vitumbua, mwaka wa 11 sasa, kwa hiyo niruhusuni niseme kwa urefu.

Bibi amegusa penyewe, lakini asituone wavivu. Zamani mchele ulilowekwa tangu alasiri, usiku ukachujwa, ukatwangwa kwenye kinu na kuchekechwa ungali na unyevu. Nani leo ana kinu na watu wawili wa kutwanga saa nane za usiku? Tukaenda mashineni. Mashine ya kusagia mahindi haipokei mchele ulioloa, unga unaganda kwenye chekeche na mwenye mashine anakufukuza. Ndipo wengi wakaanza kusaga mkavu au kununua unga wa mchele dukani. Unapika haraka, unauza, maisha yanaenda.

Mimi naloweka na kusaga kwa blenda pamoja na tui. Blenda ya nyumbani inataka upumzike kila baada ya vikombe vichache, la sivyo inanuka moto. Umeme ukikatika saa tisa usiku siku hiyo sina biashara. Nimeshaunguza blenda mbili. Kitumbua nauza shilingi 200 kama yule anayetumia unga mkavu, maana mteja hataki kusikia habari za kuloweka.

Kuhusu kupiga, bibi anajua anachosema. Rojo likishasagwa hulikorogi tu na kijiko. Unalipiga kwa mkono au mwiko kwenda upande mmoja mpaka liwe jepesi na liote mapovu, ndipo unaliacha liumuke. Mkono unauma mpaka begani. Matundu anayoyatafuta dirishani yanaanzia hapo.

#4 Mzee wa Nazi

Mnazungumza mchele, mchele. Tatizo ni nazi.

Nimefanya biashara ya nazi kati ya Pangani na Tanga muda mrefu. Tunda la mnazi linapitia dafu, dafu linakuwa koroma, koroma ndiyo inakomaa kuwa nazi. Siku hizi bei ikipanda wanaangusha koroma. Ukiipasua unaona nyama ni laini, maji bado mengi, na tui lake halina mafuta, jeupe tu kama maji ya mchele. Mwenye duka anaiuza kwa jina la nazi na mpishi hana la kufanya. Kitumbua cha tui la koroma hakina harufu na hakina ute wa mafuta unaokilainisha ndani.

Ongeza na minazi yenyewe. Ile mirefu ya asili imeshambuliwa na ugonjwa unaopukutisha nazi changa, makuti yanakauka, mwisho unabaki umesimama kama nguzo ya simu. Huku pwani ya bara tumepoteza mashamba mengi. Bibi alikulia kwenye nazi nyingi za kuchagua. Sisi tunachukua iliyopo.

#5 Nesi wa Zamu ya Usiku

Sina ugomvi na bibi ila nitasema la kitaalamu. Uwezo wa kunusa unapungua na umri, na sehemu kubwa ya kile tunachoita ladha ni harufu. Mtu mwenye miaka 84 anaweza kuona chakula kile kile kimepooza. Kuna pia dawa, zikiwemo baadhi za shinikizo la damu, zinazobadili ladha mdomoni au kukausha mate. Na kama anatumia meno ya bandia, kaakaa likifunikwa anahisi tofauti. Mwulizeni vizuri kabla ya kuhukumu wapishi wa watu.

#6 Mjukuu wa Ngamiani

Ahsante nesi. Meno ni yake, yamebaki machache lakini ni yake. Dawa ya presha anameza moja asubuhi, kwa hiyo hapo siwezi kukukatalia.

Lakini sikiliza hili. Wiki iliyopita nilimletea bajia za dengu kutoka sehemu mpya. Hakuzionja. Alizisogeza puani akasema, "Mafuta haya yamekaangiwa samaki." Nikarudi kumuuliza yule kijana, akakiri kwamba usiku wanakaanga samaki na asubuhi wanachuja mafuta yale yale. Sisi wengine wanne tulikuwa tumeshakula na hakuna aliyehisi kitu. Pua ya namna hiyo imezeeka wapi?

#7 Nesi wa Zamu ya Usiku

Hapo sina neno. Pua hiyo itunzwe.

#8 Fundi Kalibu

Nasoma kimya kimya nashangaa hakuna aliyetaja chuma.

Vikaango vya vitumbua vya zamani vilikuwa chuma kizito hasa. Kinachelewa kupata moto lakini kikishaupata hakiyumbi. Unamimina rojo kwenye shimo lenye mafuta ya moto, chini panashika mara moja, mvuke unatafuta njia ya kupanda juu, unatoboa. Matundu ya bibi ni njia za mvuke! Siku hizi tunasubu aluminiamu, nami ni mmoja wao, maana ni nyepesi na vyuma chakavu vimekuwa ghali. Aluminiamu inapata moto haraka na kupoa haraka. Ukimimina rojo la baridi kwenye mashimo saba kwa mpigo, joto linaanguka. Kitumbua kinaiva taratibu kama kinachemshwa, ndani kinafunga.

Sasa #3 aniambie, chuma chake ni cha namna gani?

#9 Binti Makorora

Ni cha chuma kweli, nilirithi kwa mama. Kina mashimo saba na moja limekula pembeni. Nageuzia spoku ya baiskeli, nayo ya mama. Lakini fundi, dada yangu anatumia aluminiamu na vyake vina matundu kuliko vyangu siku akiamka vizuri. Kwa hiyo usinyanyue chuma sana.

#10 Mtu wa Kibokoni

Nawasalimu kutoka Mombasa. Watanga mna huzuni ya vitumbua na mmesahau kuwa kuna vibibi. Uzi wa bibi mzima umefika posti ya kumi bila kibibi hata kimoja!

Kwa asiyejua, kibibi ni cha mchele na tui vilevile, ila rojo ni jepesi na linamiminwa kwenye kikaango likatandazika kama chapati ya maji. Hakihitaji chuma cha mashimo. Bibi yetu hapa Kibokoni alikuwa akisema anayeharibu kitumbua anaweza kuokolewa, anayeharibu kibibi aolewe mbali. Mpikieni bibi vibibi huku mkisubiri haki itendeke.

Halafu njooni mle mahamri na mbaazi za nazi. Hayo mnayokula huko mnaita maandazi, sisi tunaita mkate wa mviringo.

#11 Chumvi Kidogo

#10 usituchokoze asubuhi. Maandazi ya Tanga yana tui na iliki kama mahamri yenu. Tofauti ni kwamba sisi hatuyatangazi.

#12 Pemba Kwetu

Mtu wa Kibokoni, kuna maandazi ya maji na sukari ya kuuzwa stendi na kuna maandazi ya nyumbani. Usiyachanganye ukatuhukumu.

Nirudi kwa bibi. Kile anachofanya cha kupasua na kutazama ndani sisi Wapemba tunafanya kwenye halua. Halua unaibonyeza kwa kidole. Ikirudi polepole na kidole kikatoka kisafi kimepakwa samli kidogo, mpishi hakuharakisha. Ikinata kwenye meno ujue aliiteremsha mapema. Wanga, sukari, samli, iliki na kungumanga, halafu ni mkono kusonga saa nyingi kwenye sufuria kubwa bila kuuacha mwiko. Ukienda Wete utawakuta watu wenye mikono ya kazi hiyo. Kwa hiyo mimi namwamini mtu anayekagua chakula kwa kukivunja. Mdomo unadanganywa na sukari.

Mnakumbuka pia mkate wa mofa? Ule wa ngano wa kuokwa kwenye tanuri. Na wenyewe unapotea.

#13 Mtu wa Kibokoni

Pemba Kwetu, mofa si wa ngano. Mkate wa mofa asili yake ni unga wa mtama, ndiyo maana una ile rangi ya kijivu. Ulio wa ngano wa tanuri ni mkate wa ajemi.

#14 Pemba Kwetu

Sawa, nakubali, ni mtama. Nilichanganya. Ahsante.

#15 Kilimo na Maisha

Niko upande wa kilimo, nitachangia moja ambalo halijasemwa: mchele wenyewe si ule ule.

Kwanza mbegu. Mashamba mengi ya umwagiliaji sasa wanapanda mbegu bora kama SARO 5 kwa sababu inazaa sana na ina harufu kiasi. Wakulima wana haki ya kufanya hivyo. Lakini bibi alilelewa na mbegu za kienyeji, kila bonde na yake, na kila mbegu inafyonza maji kivyake.

Pili, umri wa mchele. Mchele mpya kutoka shambani una unyevu, ukiupika unanata. Mchele uliokaa ghalani unakunywa maji mengi zaidi na punje zake zinaachana. Rojo la mchele mpya linavutika kama gundi, hewa haipiti. Mpishi akibadilisha gunia bila kubadilisha kipimo cha maji anapata vitumbua vya aina mbili katika wiki moja na hajui kwa nini.

Na kuhusu kuloweka, bibi yuko sahihi hata kwa sayansi ya chakula. Mchele ulioloa ni laini, unasagika bila nguvu nyingi wala joto, kwa hiyo chembe za wanga hazipasuki ovyo. Ukisagwa mkavu nyingi zinapasuka, zinanyonya maji, rojo linakuwa zito.

#16 Mzee wa Nazi

Kilimo, yote sawa. Lakini chukua huo mchele wa zamani uliolowekwa uutie tui la koroma, unipigie simu.

#17 Msafiri wa Maskati

Salaam kutoka Oman. Huku Waswahili tuko wengi na vitumbua havijatutoka. Naomba niwaongezee kitendawili.

Mimi natumia mchele wa Thailand, tui la kopo, na kikaango nilichonunua kwenye duka la Wahindi. Wahindi wa kusini wanacho chakula chao kinaitwa paniyaram, kinakaangwa kwenye kikaango chenye mashimo sawasawa na chetu. Nao wanaloweka mchele wao pamoja na urad, jamii ya choroko, wanasaga mbichi, wanaacha uchachuke. Nilipokiona dukani mara ya kwanza nilidhani kimetoka Tanga.

Sina nazi pevu wala mchele wa kienyeji, na chuma ni cha kiwandani. Kwa hoja zenu zote vitumbua vyangu vilitakiwa viwe mawe. Lakini vina matundu. Ninachofanya ni kuloweka usiku kucha, kusaga na kusubiri viumuke bila kuvikimbiza. Kwa joto la huku saa moja na nusu inatosha. Kwa hiyo nampigia bibi kura: ni kuloweka.

#18 Mama Wawili

Mimi naona ni hamira. Watu wanatia nyingi, au wanatia baking pauda ili wapike ndani ya nusu saa. Kinavimba kikiwa kwenye moto, ukikitoa kinanywea kama puto. Ukila kinaacha uchungu nyuma ya ulimi. Bibi kama anasema "hakikupigwa" labda ndicho anachokisikia, haraka.

Marehemu bibi yangu wa Pangani hakutumia hamira ya dukani kabisa. Alitia tembo la mnazi (pombe ya mnazi), lile tamu la asubuhi lililogemwa alfajiri. Babu alikuwa mtu wa msikitini na alivila, alisema moto umeshamaliza hesabu. Sitaki mjadala wa dini hapa, nasema tu nilichokiona. Vile vitumbua sijavionja tena.

#19 Chumvi Kidogo

Na unga wa ngano mmeusahau. Kuna wanaochanganya robo au nusu ili kupunguza gharama ya mchele. Kitumbua cha ngano unakijua kwa namna kinavyovutika ukikikata. Cha mchele kinakatika.

Naomba niongeze la vifungashio. Vitumbua vya moto vikiwekwa kwenye mfuko wa plastiki vinatoa jasho na kulowa. Nilidhani tangu mifuko ipigwe marufuku 2018 mambo yangekuwa mazuri, kumbe wakahamia magazeti na wino unahamia kwenye kitumbua.

#20 Kilimo na Maisha

Marekebisho madogo: Tanzania Bara katazo lilianza 1 Juni 2019. Kenya ndio walitangulia, Agosti 2017.

#21 Binti Makorora

Na wengine wetu tunafungia karatasi nyeupe safi za kununua, na juu yake tunamwambia mteja aje na bakuli lenye kitambaa. Msituweke wote kapu moja.

#18 umenikumbusha. Mama naye alisema alipokuwa mdogo walitia tembo. Nilidhani ni hadithi.

#22 Mjukuu wa Ngamiani

Wakuu, nimerudi. Nimesoma yote na nimeamua tusibishane kwa maneno. Jumamosi nimepika, yaani mimi na mke wangu, na tumeandaa mabakuli matatu. Mkaa ule ule, chuma kile kile cha kuazima kwa jirani, sukari na iliki kipimo kimoja.

Bakuli la kwanza: unga wa mchele wa dukani, nazi pevu niliyoichagua mwenyewe kwa kuitikisa sikioni.
La pili: mchele uliolowekwa tangu alasiri, tui la boksi.
La tatu: mchele uliolowekwa, nazi pevu iliyokunwa kwa mbuzi. Mke wangu alikuna na akaniamuru nisimame pale nione. Ukikuna kwa mbuzi unaishia kwenye nyama nyeupe, ukigusa ile ngozi ya kahawia unaacha. Mashine ya sokoni inasaga na ngozi, tui linatoka na rangi ya vumbi. Hili nalo halikuwa limesemwa hapa.

Tulipiga rojo kwa zamu. #3, pole sana. Dakika 20 nilikuwa sihisi bega.

Bibi hakuambiwa kitu. Amekaa kibarazani na chai yake, tunampelekea kimoja kimoja.

Cha kwanza alikipasua, hakukionja. Alikirudisha.

Cha pili alikipasua, akakitazama muda mrefu, akasema "Hiki kimepigwa." Moyo ukanienda mbio. Akatafuna, akatikisa kichwa: "Lakini kinateleza tu. Hakina mwenyewe." Alikula nusu.

Cha tatu alikipasua, akala chote. Hakusema neno. Akanyoosha mkono, tukampa kingine cha bakuli hilo hilo. Mke wangu alianza kutokwa na machozi, nasema kweli. Alipomaliza alifuta vidole akatuambia, "Mchele huu mpya. Safari nyingine tafuteni wa mwaka jana."

#23 Kilimo na Maisha

Nimesimama kwenye kiti. Umri wa mchele! Bibi ameuhisi mdomoni!

#24 Mzee wa Nazi

Soma tena. Cha pili kilikuwa na mchele ule ule wa tatu, kilichobadilika ni nazi tu, na kimoja kikaliwa nusu na kingine chote. "Hakina mwenyewe." Mwenyewe ni tui.

#25 Msafiri wa Maskati

Lakini cha kwanza kilikuwa na nazi pevu na hakikuonjwa kabisa. Kuloweka ndiko kulikofungua mlango.

#26 Fundi Kalibu

Chuma cha jirani kilikuwa cha aina gani?

#27 Mjukuu wa Ngamiani

Cha aluminiamu, fundi. Samahani.

#28 Fundi Kalibu

Basi pengine kwenye chuma hasa hata cha kwanza kingepita. Hamjapima hilo.

#29 Mama Mdogo Mwenyewe

Hodi humu. Mimi ndiye mama mdogo anayetajwa, mwanangu amenionyesha uzi nikaona nijiunge nijitetee.

Mjukuu wenu hajawaeleza yote. Siku ile vilibaki vitumbua vinne vya bakuli la tatu, vile vile alivyovisifu mama. Nikavifunga kwenye karatasi, mchana nikamletea nikisema nimenunua njiani. Akapasua, akavisukuma. Vitumbua vile vile! Nyie mnapima mchele na nazi, mimi nampima mama. Tangu rafiki yake aliyekuwa akiuza vitumbua kona ya kwetu afariki, hajakubali vya mtu mwingine yeyote. Walikuwa wanaamkiana pale kila alfajiri kwa miaka. Mimi naona anamtafuta yule kwenye sahani.

#30 Nesi wa Zamu ya Usiku

Mama mdogo, hili ungelisema tangu mwanzo. Pole kwa mama. Msiba wa rafiki wa kila siku unaondoa hamu ya kula kuliko dawa yoyote niliyoitaja.

#31 Mjukuu wa Ngamiani

Mama mdogo, shikamoo. Ni kweli kuhusu marehemu, na ni kweli kwamba alisusa miezi kama miwili baada ya msiba. Nilikosea kutolitaja.

Lakini vile vitumbua vinne ulivileta saa nane mchana. Vilipikwa saa moja asubuhi. Nilikuwepo, neno alilosema ni "Vimelala." Na kweli vilikuwa vimelala! Mtu anayekataa chai ya chupa atakubali kitumbua cha saa saba zilizopita?

#32 Mama Mdogo Mwenyewe

Marahaba. Wewe unamtetea kwa kila kitu tangu ukiwa na miaka mitatu.

#33 Mama Wawili

Wote wawili mko sawa. Mtu anaweza kumkumbuka rafiki na bado akajua kitumbua kibaya.

Na huyo marehemu alikuwa anaumua kwa nini? Kuna anayejua?

#34 Mjukuu wa Ngamiani

Nimemuuliza bibi sasa hivi. Amesema hamira kidogo sana, ila alikuwa anabakiza kikombe cha rojo la jana na kulitia kwenye la leo. Bakuli lake halikuoshwa likang'aa hata siku moja. Bibi amelieleza hili polepole, akionyesha kwa mkono namna rafiki yake alivyokuwa anafunika bakuli kwa ungo na kanga iliyokunjwa mara mbili.

#35 Msafiri wa Maskati

Chachu ya jana! Wahindi wa kule kusini wanafanya hivyo hivyo. Leo usiku nabakiza kikombe.

#36 Mtu wa Kibokoni

Na vibibi je, amepikiwa?

#37 Mjukuu wa Ngamiani

Alipikiwa jana, Mtu wa Kibokoni. Amesema ni chakula kizuri cha mgonjwa. Usinune, alikula vitatu.

#38 Binti Makorora

Mjukuu, mlete bibi kwangu. Makorora si mbali na Ngamiani, bajaji dakika chache. Naanza saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa mbili vimekwisha. Njooni na bakuli lenye kifuniko ila yeye atakula hapo hapo, nina kigoda cha mgongo. Mchele naloweka mwenyewe, nazi nakuna kwa mbuzi siku za Ijumaa na Jumapili, siku nyingine ni mashine, sitamficha. Nitalipiga rojo mbele yake. Na kuanzia leo nabakiza kikombe.

#39 Mjukuu wa Ngamiani

Nimemsomea neno kwa neno. Amevaa miwani akataka nirudie pale kwenye mbuzi. Tunakuja Ijumaa. Ametuma swali moja tu: gunia lako la mchele ni la msimu gani?